Mshipa wa Shingo Kupanuliwa kwa Kupitia Mkononi

Leo naanza na ujumbe mfupi tuliotumiwa na msikilizaji mmoja. Anauliza hivi: "Dada muuguzi, baba ameambiwa mshipa wa shingo umeziba na atawekewa chuma ndani. Lakini daktari anasema ataingilia mkononi. Shingo na mkono vinahusiana vipi? Ama tunazungushwa tu tulipe pesa?"

Ndugu yangu, hamzungushwi. Jambo hilo ni la kweli na linafanyika. Na kwa kuwa naamini si wewe peke yako unayejiuliza, tutalizungumza polepole. Kama una kalamu karibu iweke tayari, maana mbele kidogo kuna maswali ya kumuuliza daktari kabla baba hajatia sahihi.

Tuanze na shingo yenyewe. Weka vidole viwili kando ya koo, chini ya taya. Gusa kwa upole, upande mmoja tu. Unasikia mapigo? Huo ni mshipa wa karotidi. Tunayo miwili, wa kulia na wa kushoto, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Iko mingine miwili inayopanda kwa nyuma ndani ya mifupa ya shingo, lakini mizigo mizito hubebwa na hii ya mbele. Karibu na pembe ya taya mshipa wa karotidi hugawanyika njia panda. Tawi moja huenda usoni, jingine huenda ubongoni. Hapo kwenye njia panda ndipo mafuta hupenda kujibandika, kama vile takataka zinavyokwama pale mfereji wa shamba unapogawanyika.

Mafuta hayo hayaji kwa siku moja. Huchukua miaka, na huharakishwa na presha ya juu, ugonjwa wa sukari, sigara, kolestro nyingi na umri. Mbaya zaidi ni kwamba hayaumi. Mtu anaweza kuwa na mshipa uliobana zaidi ya nusu na bado analima, anaendesha matatu, anaimba kwaya.

Wengi hufikiri hatari ni mshipa kuziba kabisa kidogo kidogo. Hiyo ipo, lakini mara nyingi kiharusi huja kwa njia nyingine. Ule utando wa mafuta hupasuka, damu huganda juu yake, kisha kipande hung'oka na kuchukuliwa na damu hadi kwenye mishipa midogo ya ubongo. Kipande kidogo kuliko punje ya mchele chatosha kumnyima mtu usemi.

Sasa hapa naomba unisikilize kwa makini. Kabla kipande kikubwa hakijang'oka, mara nyingine vidogo hutangulia. Mtu anashika kikombe cha chai kikamwanguka. Mkono mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki sawasawa. Au jicho moja linaingia giza kana kwamba pazia limeshushwa. Baada ya dakika kumi au ishirini yote yamekwisha na mtu yuko sawa kabisa. Nyumbani watu wanasema alikuwa amechoka, amelalia mkono, amepigwa na baridi, au wanatafuta jirani mwenye kijicho. Anapewa maji ya glukosi, analala.

Hicho ni kiharusi kidogo cha kupita, na siku chache zinazofuata ndizo za hatari kuu, hasa siku mbili za kwanza. Kupona haraka kusikudanganye. Mtu huyo anatakiwa awe hospitalini siku hiyo hiyo, si Jumatatu ijayo, si baada ya mazishi ya jirani. Apimwe presha, sukari, mapigo ya moyo, kichwa kipigwe picha ya skani, na shingo ipimwe kwa ultrasaundi, kile kipimo wanachotumia kuangalia mtoto tumboni. Hakiumi hata kidogo.

Nafungua mabano kidogo. Si kila kiharusi hutoka shingoni. Hapa kwetu vingi huletwa na presha isiyotibiwa, ambayo huharibu mishipa midogo sana ndani ya kichwa au kuipasua. Hapo hakuna chuma cha shingoni kitakachosaidia. Kwa hiyo ukisikia jirani amewekewa, usikimbie kuomba na wewe uwekewe. Dawa za presha za kila siku zimeokoa watu wengi zaidi kuliko chuma chochote. Nafunga mabano.

Je, baba wa msikilizaji wetu anahitaji kupanuliwa? Hilo linategemea mambo mawili makubwa: mshipa umebana kiasi gani, na je, amewahi kupata zile dalili za onyo. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kutolewa mwaka 1991 uliangalia watu waliokuwa wamepata dalili na mshipa wao umebana asilimia 70 au zaidi. Kati ya kila 100 waliotumia dawa pekee, 26 walipata kiharusi cha upande huo katika miaka miwili. Kati ya kila 100 waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mshipa, waliopata ni 9. Tofauti hiyo ni kubwa. Dawa za siku hizo hazikuwa nzuri kama za leo, ni kweli, lakini kwa mtu mwenye dalili na mshipa uliobana namna hiyo, madaktari bado wanapendelea kuufungua, na vizuri zaidi ndani ya wiki mbili tangu dalili. Kwa mtu asiye na dalili mambo si mepesi hivyo, na daktari atapima faida na hatari kwa mtu mmoja mmoja.

Upasuaji ndio njia ya zamani. Tangu miaka ya 1950 madaktari wamekuwa wakikata shingo, wakifungua mshipa, wakikwangua mafuta na kushona. Ni njia nzuri na haijapitwa na wakati. Njia ya pili ndiyo hii ya stenti, ambacho ni kijineli cha chuma chenye matundu kama wavu. Huingizwa kikiwa kimekunjwa, kikifika mahali pake hufunguka na kuushikilia mshipa uwe wazi. Kinabaki humo maisha yote.

Zote mbili zimewahi kushindanishwa. Utafiti wa mwaka 2010 wa watu 2,502 huko Marekani na Kanada ulionyesha kwamba katika siku za karibu na matibabu, kiharusi kiliwapata takriban 4 kati ya 100 waliowekewa stenti, na 2 kati ya 100 waliopasuliwa. Upande wa moyo mambo yakageuka: mshtuko wa moyo uliwapata takriban 1 kati ya 100 wa stenti na 2 kati ya 100 wa upasuaji. Kwa ujumla, waliovuka miaka 70 walifaidika zaidi na upasuaji, na walio chini ya hapo stenti iliwafaa vizuri. Ndiyo maana swali la kwanza kwa daktari ni hili: "Kwa nini umemchagulia baba stenti badala ya upasuaji?" Huenda moyo wake ni dhaifu, huenda shingo iliwahi kuchomwa kwa miale ya saratani, huenda mshipa umebana mahali ambapo kisu hakifiki vizuri. Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa.

Haya, sasa mkono. Mishipa yote mikubwa ya damu imeunganishwa, kwa sababu yote inatoka kwenye mshipa mmoja mkuu unaotoka moyoni. Ukiingia kwenye tawi lolote unaweza kusafiri mpaka kwenye shina, na kutoka kwenye shina ukaingia tawi jingine. Kwa miaka mingi madaktari waliingilia kinenani, juu ya paja, kwa kuwa mshipa wa hapo ni mpana na njia imenyooka. Mwaka 1989 daktari Lucien Campeau wa Montreal huko Kanada aliandika jinsi alivyopiga picha za mishipa ya moyo akiingilia kwenye kifundo cha mkono, hapo unapovalia saa, upande wa kidole gumba. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kupanua mishipa ya moyo kwa njia hiyo hiyo. Madaktari wa moyo wakaipenda, na baadaye wanaotibu mishipa ya shingo wakaiazima.

Walipendea nini? Kwanza damu. Mshipa wa kinena uko ndani, na ukivuja, hasa kwa mtu mnene, damu inaweza kuingia ndani kuelekea tumboni na usiione mpaka mgonjwa ameishiwa nguvu. Mshipa wa mkononi uko juu juu ya mfupa. Ukivuja unauona, na kidole kimoja chatosha kuuzuia. Pili, mkono umejaliwa mishipa miwili, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho, na hiyo miwili hukutana kiganjani. Mmoja ukiziba, kwa kawaida mwingine hulisha mkono mzima. Tatu ni jambo ambalo sisi wauguzi tunalijua kuliko daktari: aliyeingiliwa kinenani hulala chali saa kadhaa bila kukunja mguu, na mzee mwenye mgongo mbaya au tezi kibofu huteseka sana kujaribu kukojoa akiwa amelala. Wa mkononi huketi, hunywa chai, huenda msalani kwa miguu yake. Tena kuna wagonjwa ambao mishipa ya miguu yenyewe imeziba kwa mafuta. Kwao kinena hakipitiki.

Lakini usidhani mkono ni njia ya mkato. Hebu tufuate safari yenyewe. Mrija mwembamba, tunaouita katheta, unaingia kifundoni, unapita kiwiko, unapanda hadi kwapani, unapita chini ya mfupa wa bega na kushuka karibu na moyo. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana mshipa wa shingo unaelekea juu na mrija unatazama chini. Ni kama lori linalotoka Mombasa likatakiwa kukata kona ya nyuma kabisa bila nafasi ya kurudi rivasi. Ukiingilia mkono wa kulia ukitaka karotidi ya kushoto, kona huwa mbaya zaidi, isipokuwa kwa watu ambao kwa maumbile mshipa huo umechipuka karibu na ule wa kulia. Tena mshipa wa kifundoni una upana wa takriban milimita 2 hadi 3 tu. Ukichokozwa hujikaza kama konokono akiguswa.

Mwaka 2014 madaktari wa Hungaria walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 260 waliowekewa stenti za shingoni, nusu kupitia mkono, nusu kupitia kinena. Wote hatimaye walifanikiwa kuwekewa. Lakini kwa wale wa mkononi, takriban 10 kati ya 100 ilibidi wabadilishiwe njia, wakati wa kinenani walikuwa kati ya 1 na 2 tu. Madhara makubwa yalilingana pande zote mbili. Mimi naisoma hivi: mkono unampunguzia mgonjwa taabu ya mahali pa kuingilia, lakini haupunguzi hatari iliyoko shingoni. Kiharusi kinaweza kutokea wakati waya unapita penye mafuta, uwe umetokea mkononi au mguuni. Kwa hiyo mtu asikuambie "ni katundu kadogo tu" kana kwamba baba anakwenda kudungwa sindano ya malaria. Katundu ni kadogo, kazi ni kubwa.

Kwa sababu hiyo andika maswali haya. Mshipa umebana asilimia ngapi? Daktari, wewe mwenyewe umefanya stenti ngapi za shingoni, na ngapi kwa njia ya mkono? Mkono ukikataa, mtaendelea kupitia wapi? Kama baba ana ugonjwa wa figo, semeni mapema sana, kwa sababu mshipa ule ule wa mkono huenda ukahitajika siku moja kuandaliwa kwa kusafishia damu kwa mashine, na haifai kuuharibu. Semeni pia kama aliwahi kudhurika na dawa inayodungwa wakati wa picha. Kuhusu malipo, nendeni dirisha la SHA pale hospitali kabla ya siku ya kazi, muulize wanalipa nini na nyinyi mtaongeza nini. Vyumba vyenye mashine hizi viko katika hospitali chache kubwa, nyingi mijini, kwa hiyo hesabuni na nauli na malazi ya atakayemsindikiza.

Siku yenyewe huwaje? Siku kadhaa kabla, baba atakuwa ameanzishiwa dawa mbili za kuzuia damu isigande, kwa kawaida aspirini na klopidogreli. Muuguzi au daktari atapima mkono: atabana mishipa yote miwili mpaka kiganja kiwe cheupe, kisha ataachilia mmoja na kutazama kama rangi inarudi upesi. Siku hizi wengine hutumia kile kifaa cha kubana kidole kinachopima hewa ya damu. Baba hatalazwa usingizi mzito. Atapigwa ganzi mkononi na kubaki macho, na kuna sababu. Wanataka wamsemeshe. Hospitali nyingine humpa mgonjwa mdoli wa mpira unaolia ukiufinya, amshike kwa mkono mwingine. Daktari akisema "mzee, finya" na mdoli ukalia, wanajua ubongo uko sawa.

Mrija ukishaingia, hudungwa dawa ya kulegeza mshipa usijikaze na heparini ya kuzuia damu kuganda. Wakifika shingoni, mara nyingi hutanguliza kichujio kidogo mfano wa mwavuli, kifunguke mbele ya penye mafuta ili kudaka vipande visifike ubongoni. Kisha stenti hufunguliwa, na kipira hujazwa kwa muda mfupi kuipanua. Hapo moyo unaweza kupunguza mwendo ghafula na presha ikashuka. Msiogope mkielezwa hivyo. Pale kwenye njia panda ya shingo kuna neva zinazopima presha, na kipira kikisukuma zinadhani presha imepanda, zinauambia moyo upole. Dawa ya kuuamsha, atropini, huwa tayari kando ya meza. Mwisho kichujio hukunjwa na kutolewa na takataka zake.

Akirudi wodini atakuwa amefungwa mkanda wa plastiki uliojazwa hewa kifundoni. Hewa hiyo tunaitoa kidogo kidogo kwa saa chache. Usiufungue wewe kwa huruma ati unambana. Kazi yako ni kutazama vidole. Vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi au vina ganzi isiyoisha, mwite muuguzi mara moja. Tutampima presha mara kwa mara kwa mkono ule mwingine, na usiku huo atalala hospitalini akichungwa.

Nyumbani, kwa siku kadhaa mkono huo usiinue mtungi wa maji, usishike jembe wala panga, na asiuegemee anapoinuka kitini. Damu ikichuruzika, mketishe, bonyeza palepale kwa kidole gumba kwa nguvu bila kuchungulia kila mara, na mwende hospitali. Kivimbe kidogo chenye rangi ya zambarau si ajabu, lakini kivimbe kinachokua ni cha kuonyeshwa.

Kuna dalili moja ambayo watu huipuuza. Baada ya mshipa kufunguliwa, ubongo uliozoea damu kidogo hupokea damu nyingi ghafula. Baba akilalamika kichwa kikali upande uliotibiwa, akachanganyikiwa au akapata degedege katika wiki za kwanza, hasa presha ikiwa juu, hiyo ni dharura. Usimpe dawa ya maumivu ya dukani ukangoja asubuhi.

Halafu vidonge. Hapa ndipo ninapowaona watu wakipoteza walichogharamia. Mtu amelipa pesa nyingi, ameuza hata ng'ombe, kisha baada ya wiki mbili anaacha klopidogreli kwa sababu anajisikia mzima, au kwa sababu mtu wa duka la dawa amemwambia inatosha. Stenti mpya ni chuma kigeni ndani ya damu. Bila dawa, damu inaweza kuganda juu yake na kuleta kile kile kiharusi mlichokuwa mnakimbia. Dawa zote mbili hutumiwa pamoja angalau wiki nne, au zaidi kama daktari atakavyosema, kisha aspirini huendelea maisha yote. Akienda kung'oa jino na kuambiwa aziache, kwanza mpigie daktari aliyeweka stenti. Na dawa za presha, za sukari na za kolestro haziachwi, kwa kuwa upande wa pili wa shingo bado upo, na moyo pia. Sigara ndiyo iachwe.

Msikilizaji wetu uliyetuma ujumbe, kama baba alipata zile dalili za kupita na bado yuko nyumbani akingoja mchango wa familia ukamilike, mpeleke leo akaanzishiwe dawa wakati mnaendelea kuchanga. Dawa hizo hazingoji siku ya stenti. Wiki ijayo, kwa ombi la kina mama wa kikundi kimoja cha makanisa, tutazungumza juu ya kupima presha nyumbani na namna ya kuchagua kipimo kisichodanganya. Mimi ni muuguzi wako wa jamii. Kwaheri kwa sasa.